Barafu ya Iringa, Maji ya Madibira

Mto Ndembera huanzia kwenye vilima vya Mufindi, ambako asubuhi za Juni na Julai majani huamka yamefunikwa na sakitu. Kutoka huko hushuka kuelekea bonde la Usangu, na kabla haujaingia kwenye ardhioevu ya Ihefu na kujiunga na Ruaha Mkuu, hupita Madibira, wilayani Mbarali. Hapo sehemu ya maji yake huchepushwa kwenda kwenye skimu ya mpunga ya hekta zipatazo 3,000, iliyojengwa katika miaka ya 1990 kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Yanayobaki huendelea na safari: Ihefu, Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, bwawa la Mtera, kisha Kidatu.

Safari hiyo ndiyo inayoipa Madibira nafasi katika historia ya vitu vya baridi nchini Tanzania. Kituo cha Kidatu kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na cha Mtera kikafuata mwaka 1988. Kwa miaka mingi majokofu ya Dar es Salaam, Morogoro na Iringa yaliendeshwa kwa kiasi kikubwa na maji ya Ruaha Mkuu na vijito vyake. Soda iliyotoka jasho kwenye kaunta ya Kariakoo ilikuwa na deni kwa mvua ya Mufindi, na maji yaliyoigandisha barafu ya Magomeni yalikuwa yamepita kwanza karibu na majaruba ya Usangu. Vijiji vya Usangu vyenyewe, kama vijiji vingi nchini, vilibaki vikitazama maji yakipita bila waya kurudi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, miaka 32 baada ya mitambo ya Kidatu kuwaka.

Watu wa Madibira hawakuusubiri umeme ndipo wajue kunywa kitu cha baridi. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, jua la Usangu huunguza, na kila nyumba ilikuwa na jibu lake kwenye kona yenye kivuli: mtungi wa udongo uliofunikwa kwa kata. Udongo uliochomwa una matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji hupenya taratibu hadi nje, huwa mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba joto linalokaribia mara saba ya lile linaloyeyusha gramu moja ya barafu. Ndiyo maana mtungi hufanya kazi vizuri zaidi hewa inapokuwa kavu, kama ilivyo Usangu wakati wa kiangazi, kuliko pwani ambako hewa imeshiba unyevu. Mwaka 1995 mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliichukua kanuni hiyo hiyo akaweka chungu ndani ya chungu na mchanga mbichi katikati, akapata chombo cha kuhifadhi mboga bila umeme. Dunia ilimtuza kwa hilo, na alistahili. Bibi wa Usangu aliyekuwa akilowanisha nguo na kuuzungushia mtungi wake angeielewa kazi hiyo kwa kuitazama mara moja tu.

Juu zaidi, kwenye nyanda za Iringa na Njombe, kinywaji cha msimu kilitoka kwenye mianzi. Masika yanapofika, machipukizi machanga ya mlanzi hukatwa ncha, na kidonda hicho hukwanguliwa upya asubuhi na jioni ili utomvu uendelee kutiririka. Chini yake hufungwa mbeta, kipande cha mwanzi kinachokinga matone. Ulanzi wa asubuhi, uliokaa nje usiku kucha katika baridi ya milimani, hunyweka mtamu na mwepesi, nao huitwa mtogwa. Ukiachwa uchachuke huwa mkangafu, na huo una wenyewe. Hauhitaji sukari, hauhitaji moto, hauhitaji chupa. Kasoro yake kwa mfanyabiashara ni kwamba hausubiri: uchachu haulali, na ulanzi mtogwa wa leo kesho ni kitu kingine.

Togwa nayo hutumia uchachu huo huo lakini kwa kuupangia. Uji wa mahindi hupikwa, huachwa upoe mpaka uwe vuguvugu, kisha hutiwa kimea, yaani unga wa ulezi uliooteshwa na kukaushwa. Mara uji uliokuwa mzito hulegea, kwa sababu kimea kina vimeng'enya vinavyoikata wanga vipande vipande na kuacha utamu. Ukilazwa usiku mmoja, bakteria wa asidi ya laktiki huutia ukali unaokata kiu. Katika miaka ya 1980 na 1990 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, akiwemo Wilbald Lorri, wakishirikiana na Ulf Svanberg wa Göteborg nchini Sweden, walipima uji uliochachuliwa kwa njia hii. Walikuta kwamba vijidudu vinavyosababisha kuhara havistawi ndani yake, na kwamba kimea huwezesha mtoto kupata chakula kingi kwenye uji mwepesi unaomezeka. Akina mama walikuwa wakifanya hivyo kabla ya darubini kufika. Maabara ilieleza sababu.

Mpangilio huo, mikono kutangulia na maelezo kufuata, utaonekana tena katika habari hii, na mara nyingine utaonekana Iringa mjini.

Kabla ya kufika huko, inafaa kupita pwani. Mwaka 1331 Ibn Battuta alitua Mogadishu, akakaribishwa chakula ambacho alikieleza kwa makini ya mtu aliyekula akashiba. Kulikuwa na wali uliopikwa kwa samli. Kando yake kuliwekwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na katika chombo kingine maziwa ya mgando yaliyowekewa malimau ya achali, pilipili zilizokaa kwenye siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Wali ni wa moto, vyombo vya pembeni ni baridi, na kinywa hupokezana kati ya viwili hivyo. Kachumbari, achali na mtindi wa leo ni jamaa wa karibu wa sinia lile, na hakuna mahali panapoliweza sinia hilo kirahisi kuliko Mbarali. Kilimo cha mpunga wa umwagiliaji Usangu kilishika kasi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kwa mikono ya walowezi wa Kibaluchi, kikaenea kwa wenyeji, na leo mchele wa Mbeya unajulikana kila soko la nchi. Mtindi unatengenezwa Iringa. Ndimu, nyanya na vitunguu vipo gulioni. Mama wa Madibira akiupika wali, akauweka mtindi kwenye maji ya mtungi tangu asubuhi, akakatakata nyanya, tango na kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, akakamulia ndimu na kuchanganya na embe bichi, atakuwa amekiandaa chakula ambacho msafiri wa karne ya 14 angekitambua.

Barafu yenyewe ilikuja kwa njia ndefu. Afrika Mashariki ilikuwa nayo siku zote, lakini juu sana. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoiona Kilimanjaro ikiwa na kilele cheupe na kuandika kwamba ni theluji, wasomi wa London walimbishia kwa miaka, wakidai theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kiongozi wake wa njia alikuwa amekwisha kumwambia kwamba weupe ule ni baridi. Wakati huo huo, wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wakikata barafu kwenye maziwa ya Massachusetts wakati wa kipupwe, wakaifunika kwa unga wa mbao na kuipeleka kwa meli hadi Calcutta, biashara iliyoanzishwa na Frederic Tudor na kufika India mwaka 1833. Mashine za kutengeneza barafu zilizokuja baadaye katika karne hiyo ndizo zilizoiua biashara ya Tudor.

Kwa mahali kama Nyanda za Juu Kusini, chombo muhimu zaidi kilibuniwa na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Jokofu lao halikuhitaji mota. Lilihitaji moto. Mwali mdogo huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji, amonia huzunguka ndani ya mabomba, na mwisho wa mzunguko huo chumba cha chakula hupoa. Kampuni ya Electrolux iliununua uvumbuzi huo, na friji za mafuta ya taa zikasambaa kwenye misheni, zahanati na mashamba ya mbali kote Afrika. Chanjo zilitunzwa humo kwa miongo mingi. Kwa mtoto aliyekuwa akilijaza tangi na kulisafisha bomba la moshi, lilikuwa somo la ajabu la fizikia: koroboi inayotoa barafu.

Somo kubwa zaidi lilitoka kwenye jokofu la shule.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi wa Magamba walikuwa na mazoea ambayo wenzao wa shule nyingi wangeyatamani. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka kwenye sehemu ya kugandishia ya jokofu ili yawe aiskrimu. Trei zilikuwa chache, wenye hamu wengi, na kila mara kulikuwa na kugombea nafasi.

Siku moja Mpemba alikuwa bado anachemsha maziwa yake. Mwenzake alipomwona, akakoroga sukari kwenye maziwa mabichi na kuyakimbiza jokofuni ili awahi. Mpemba akaona kwamba akisubiri yake yapoe, trei ya mwisho itakwenda. Akayamimina yakiwa ya moto hivyo hivyo, liwalo na liwe hata kama jokofu litaharibika. Saa moja na nusu baadaye wakarudi wote wawili kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado majimaji mazito.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia. Jibu lilikuwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Kijana akanyamaza, lakini hakusahau. Baadaye, mjini Tanga, alikutana na rafiki aliyekuwa akitengeneza aiskrimu na kuiuza. Huyo alimwambia kwamba yeye huiweka ikiwa ya moto kwa makusudi, maana ndivyo inavyoganda upesi.

Wasimuliaji wengi wa kisa hiki humruka rafiki wa Tanga, na hapo huacha sehemu yenye uzito kuliko zote. Mtu anayeuza barafu anaishi kwa saa. Akichelewa kugandisha, jua linapanda, wateja wanapita, maziwa yanaharibika. Hakuwa na kipimajoto, lakini alikuwa na kila asubuhi ya maisha yake kama jaribio, na faida au hasara kama matokeo. Alikuwa amelijua jambo ambalo vitabu vya shule vilikuwa vinalikana, na alikuwa akilitumia kulisha watu.

Mpemba alifaulu, akachaguliwa kwenda Shule ya Sekondari ya Juu ya Mkwawa, Iringa, iliyobeba jina la mtemi wa Wahehe aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891. Eneo la shule hiyo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005. Hapo, darasa lilipofika kwenye mada ya joto na kanuni ya Newton ya kupoa, aliuliza tena. Mwalimu alijibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya watu wote. Darasa likaipenda kauli hiyo kupita kiasi. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu waliita ni hisabati ya Mpemba.

Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi na haina mtu. Akachukua vyombo viwili vidogo, kimoja akatia maji ya bomba, kingine maji ya moto, akaviweka kwenye sehemu ya kugandishia. Baada ya saa moja hakuna kilichokuwa kimeganda chote, lakini chombo kilichoanza na maji ya moto kilikuwa na barafu nyingi zaidi.

Kisha akaja mgeni. Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alialikwa Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Ulipofika wakati wa maswali, Mpemba alisimama akauliza: maji ya nyuzijoto 35 na maji ya nyuzijoto 100 yakiwekwa kwenye jokofu kwa kiasi kilicho sawa, yaliyoanza na 100 ndiyo hutangulia kuganda, ni kwa nini? Wenzake walicheka. Osborne naye hakuamini, lakini alifanya jambo ambalo walimu wawili waliotangulia hawakulifanya. Alisema atakwenda kujaribu.

Dar es Salaam, fundi wa maabara alipewa kazi hiyo. Alirudi akakiri kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, na akaahidi kuendelea kurudia mpaka jibu sahihi lipatikane. Waliporudia, jibu lilibaki lile lile. Mwaka 1969 jarida la Uingereza la Physics Education lilichapisha makala yenye majina mawili, Mpemba na Osborne. Wakati huo Mpemba alikuwa amekwenda Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, Mweka, na maisha yake ya kazi yalikuwa katika wanyamapori, kwenye wizara inayoshughulikia maliasili. Osborne baadaye aliingia katika utumishi wa kibalozi, akawa Balozi wa Uingereza nchini Malawi.

Mpemba hakuwa wa kwanza duniani kuliona jambo hilo, na hilo halimpunguzii kitu. Aristotle aliandika katika karne ya 4 kabla ya Kristo kwamba wavuvi wa Ponto walimwagia maji ya vuguvugu kwenye matete yao juu ya barafu ili yashikwe upesi. Francis Bacon na René Descartes walilitaja katika karne ya 17. Lakini fizikia ya shule ilikuwa imelisahau, na jina linalotumika leo katika maabara za dunia nzima ni la mwanafunzi wa Magamba na Mkwawa.

Kwa nini hutokea? Hapa inafaa kusema kweli yote. Maji ya moto hupoteza sehemu yake kwa mvuke, hivyo yanayobaki kugandishwa ni machache. Hewa iliyoyeyuka ndani yake hutoka yanapochemka. Joto likiwa kubwa, maji huzunguka kwa nguvu ndani ya chombo na kupeleka joto juu, yakipoa kwa kasi. Na kwa jokofu la nyumbani kuna sababu ya karibu zaidi: trei ya moto huyeyusha sakitu iliyo chini yake, ikakaa imegusana na chuma cha baridi, wakati trei ya baridi hukaa juu ya tabaka la sakitu linalozuia joto kutoka. Osborne aliweka vyombo vyake juu ya povu ili kuiondoa sababu hiyo ya mwisho, na bado aliyaona matokeo. Mwaka 2012 jumuiya ya wakemia ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora, na majibu zaidi ya 22,000 yakapokelewa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya kwa uangalifu, wakahitimisha kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha, na wakaonyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kubadili matokeo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada walichapisha katika Nature jaribio lililofanywa kwa punje ndogo mno ndani ya maji, ikisukumwa kwa mwanga wa leza, ambapo iliyoanza na joto zaidi ilipoa kwanza katika hali fulani. Mjadala uko hai. Swali lililochekwa Iringa limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya nusu karne, na kuna maswali machache ya darasani yanayoweza kusemwa hivyo.

Huku Usangu, wakati wataalamu wakibishana kuhusu barafu, watu walikuwa wakibishana kuhusu maji yanayoitengeneza. Kuanzia mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka ndani ya hifadhi kila kiangazi. Mgawo wa umeme wa miaka ya 1990 na ule mkali wa mwaka 2006 ulifanya vidole vielekezwe juu ya mto: wakulima wa mpunga na wafugaji wa Ihefu wakatajwa kuwa ndio waliozima taa za Dar es Salaam. Mwaka 2006 serikali iliamuru wafugaji waondoke, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Watafiti waliopima mtiririko walitoa picha yenye usawa zaidi. Mabwawa hujazwa hasa na mafuriko ya masika, na maji machache ya kiangazi yanayochukuliwa mashambani yasingeweza peke yake kulimaliza bwawa la Mtera. Namna mabwawa yalivyoendeshwa nayo ilikuwa na sehemu yake. Kukauka kwa mto kiangazi, hata hivyo, ni kweli, na kunawaumiza viboko, samaki na vijiji vya chini. Mkulima wa Madibira anastahili kuambiwa mambo yote mawili bila kupunjwa lolote.

Leo maji ya Ndembera yana kazi nyingine mbele. Ruaha Mkuu huingia Rufiji kabla ya bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024.

Umeme ulipofika vijijini, friza ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuingia dukani baada ya taa na simu, na pamoja nayo barafu za kuuza: za ukwaju, za ubuyu, za maziwa, zilizofungwa kwenye vifuko vyembamba na kubebwa kwenye deli hadi mlango wa shule. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 iliwafanya watengenezaji wengi wawe waangalifu na vifungashio, na vikombe vidogo vyenye kijiti vimerudi kwa heshima. Ni mabadiliko mazuri. Kikombe huoshwa, kifuko huishia kwenye mfereji wa umwagiliaji.

Malighafi iko karibu. Mikwaju na mibuyu huota katika bonde kavu la Ruaha, parachichi hutoka Rungwe, Njombe na Mufindi. Ukwaju huloweshwa kwenye maji ya moto, hupondwa kwa mkono, huchujwa, hutiwa sukari na tangawizi iliyosagwa. Sukari iwe ya kiasi: ikizidi, huzuia maji kuganda, na barafu hubaki tepetepe hata ikilala usiku mzima. Ubuyu hauhitaji kuchujwa sana, maana unga wake huifanya barafu iwe laini mdomoni. Kwa kinywaji cha wageni, juisi nzito ya parachichi iliyosagwa kwa maziwa baridi humiminwa kwanza kwenye bilauri, na juu yake, kwa mgongo wa kijiko, hutiwa juisi ya pesheni. Hukaa tabaka mbili, na ndimu kidogo hulizuia parachichi lisiwe jeusi. Togwa baridi iliyochanganywa na embe na tangawizi ni kinywaji kinachoweza kusimama mbele ya mgeni yeyote, na inashangaza kwamba sherehe nyingi za Iringa bado hutanguliza soda.

Asiye na friza hajafungiwa mlango. Barafu ya kununua ikipondwa na kuchanganywa na chumvi, vipimo vitatu vya barafu kwa kimoja cha chumvi, joto lake hushuka hadi karibu nyuzijoto 21 chini ya sifuri. Sufuria ndogo yenye maziwa yaliyochemshwa na kutiwa sukari ikizamishwa humo ndani ya ndoo, ikizungushwa kwa mkono na kukwanguliwa pembeni kila mara, hutoa aiskrimu. Ndivyo ilivyotengenezwa duniani kote kabla ya umeme. Jambo la kuzingatia ni moja: maji na maziwa yachemshwe, kwa sababu kuganda hakuui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Huvilaza tu, na mdomo wa mtoto huviamsha.

Na kwa kuwa maziwa yatakuwa yamechemshwa, kazi ya Mpemba inaweza kuendelezwa bila gharama. Walimu wa fizikia wa Madibira, Mafinga na Rujewa wenye friji shuleni wanaombwa wajaribu muhula huu: trei mbili zinazofanana, maziwa ya kiasi kimoja, moja ya moto na nyingine iliyopoa, kwanza juu ya chuma kitupu, kisha juu ya kitambaa kikavu, na mwanafunzi mwenye saa na daftari. Matokeo yaandikwe yalivyo, hata kama yatapingana na kitabu au na makala ya mwaka 1969, na mwanafunzi atakayeuliza kwa nini asichekwe.